Steringi Hauawi

Mwezi uliopita nilipeleka redio kwa fundi mmoja hapa Vwawa, nikamkuta amefungua deki ya zamani, zile za kuchezea mikanda, ameiweka mezani matumbo nje, anaijaribu kwa umeme. Ilipopata moto ikatoa harufu ya vumbi linaloungua pamoja na plastiki, na kitu kingine kama unyoya ulioshikwa na moto. Nikasimama pale nimeikumbatia redio yangu. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimefika Tunduma mara moja, sasa hivi narudi. Akacheka, akadhani natania.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mpakani hamna haja ya kuelezwa. Siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni, anaitazama peke yake kitandani na waya masikioni kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Sisi sinema tuliifuata kwake. Ya kwetu ilikaa kwenye banda la mabanzi nyuma ya maegesho ya malori, bati juu, magunia madirishani na mlangoni ili jua la alasiri lisiingie. Mabenchi yalikuwa mbao zisizopigwa randa, ukivaa sketi nyepesi unarudi nyumbani na vibanzi. Mbele palikuwa na runinga moja, juu ya runinga deki, na pembeni ya deki mtu mmoja mrefu, mwembamba, ameshika maiki. Picha zilikuwa za Wazungu, lakini sinema ilikuwa ya huyo mtu.

Tulimwita Mkalimani. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi migodini kule Zambia, akarudi na Kiingereza, Kibemba na koti moja la kahawia alilolivaa jua na mvua. Kazi yake ilikuwa kututafsiria, ila tafsiri yake, nyie acheni tu. Mzungu akisema neno moja, Mkalimani anasema kumi. Mzungu akimbusu mwanamke, Mkalimani anawahi kueleza kwamba hao walishafunga ndoa kanisani, wazazi msiwe na wasiwasi. Alitoa sauti ya mzee, ya mtoto, ya farasi, ya mlango mbovu. Mwanamke akilia kwenye picha, yeye alimliza kwa lafudhi ya Kinyiha, na kina mama wauza ndizi waliosimama mlangoni wakajifuta machozi ya kweli. Nimesikiliza wasomaji wa habari, nimesikiliza wahubiri wenye spika zinazotazama kila upande, na bado sijamsikia mtu mwenye ulimi wa namna ile.

Na alikuwa na desturi yake. Watu wa kwenye picha hakuwaita kwa majina yao ya Kizungu, alisema hayo hayakai mdomoni. Ukiingia unamnong'oneza jina, lako au la mtu wako, naye humo ndani ya sinema anampa mmojawapo. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpaka anajikuta amekuwa jemadari, yuko juu ya farasi. Binti muuza vitumbua anakuwa malkia, anatamba mtaani wiki nzima, hata salamu haitikii. Adui alipewa jina la yeyote aliyemuudhi Mkalimani siku hizo. Ila jina la steringi, mtu mkuu wa sinema, lilitolewa kwa heshima, kwa mzee au kwa mgeni, kwa sababu sote tuliijua sheria moja kuliko tulivyozijua amri kumi: steringi hauawi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataanguka na farasi, lakini mwisho anasimama, anajikung'uta. Kumpa mtu wako jina la steringi ilikuwa ni kumwombea uzima.

Niliporudi kutoka kwa fundi nilimwambia mwanangu wa mwisho anitafutie sinema mbili za wakati ule. Sikujua majina yake, nikamweleza tu. Moja ni ya rangi, ya bwana mkubwa anayelala kwenye jeneza mchana, jua likizama anatoka kunyonya watu damu. Nyingine ni ya vita, haina rangi, haina waigizaji, ni picha zilizopigwa vitani kwenyewe, na Mzungu anasimulia bila kuonekana. Akazipata kabla chai haijachemka. Kama si zenyewe, basi ni ndugu zao wa tumbo moja.

Nikavaa miwani, tukatazama. Mnataka maoni yangu? Ile ya mnyonya damu watoto waliicheka mwanzo mwisho, na kweli yale meno ni kama punje za mahindi, na ile damu ni rangi ya kupaka mlango. Na yule mwanamke, mtu mzima na akili zake, anasikia kitu kinakwaruza huko chini, anatoka peke yake na mshumaa. Hana hata mwiko mkononi. Lakini mimi naiheshimu. Aliyeitengeneza alikuwa na subira. Anakuonyesha vidole tu kwenye ukingo wa jeneza, anakuacha hapo hapo, anakwenda kukuonyesha mwezi. Siku hizi wanakurushia mizimu kumi kabla hujakaa vizuri, huogopi hata mmoja. Ile ya vita nayo, mwanangu alisinzia. Mimi sikupepesa macho. Hakuna anayeigiza mle, hakuna muziki wa kukuambia sasa ogopa, na kuna mahali picha inacheza kwa sababu mkono wa mpiga picha unatetemeka. Naipa alama zote. Ukiniuliza ipi inatisha nitakuambia ya vita, tena bila kufikiri.

Utotoni ilikuwa kinyume. Ya mnyonya damu niliiamini yote. Ilikuwa na rangi, watu wake walitokwa na jasho, na isitoshe habari za mumiani tulikuwa nazo mitaani hata bila sinema. Mama alikuwa ananiambia nisikubali pipi ya mtu nisiyemjua kwa sababu yao. Kwa hiyo nilipomwona yule bwana amelala kwenye jeneza, mikono kifuani, viatu vimeng'arishwa, sikuwaza kuigiza wala nini. Niliwaza tu kwamba nchi yake isiwe jirani na Zambia.

Taabu ilianza pale mtu mmoja nyuma alipouliza kwa nini huyu bwana hatulii kama wafu wenzake. Kwenye picha hakuna aliyekuwa amesema lolote juu ya hilo, nimehakikisha mwezi uliopita. Mkalimani hakukosa jibu. Akashusha sauti, akasema, "Hakuzikwa na watu wake. Mtu asipozikwa na watu wake hana pa kukaa. Atatembea tu." Banda zima likaguna kukubali, maana ni maneno yanayofanana na ukweli. Mimi nikapandisha miguu juu ya benchi, kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa na mtu wa namna hiyo.

Alikuwa baba mkubwa Yohana, kaka yake baba, mtoto wa kwanza wa bibi. Sikuwahi kumwona. Alikwenda vitani kule Kagera kabla sijazaliwa, na wenzake waliporudi yeye hakurudi. Mmoja wao alikuja hadi nyumbani, akasema alimwona akianguka. Mwili haukupatikana. Ndugu wakaja, wa Chitete, wa Mkwajuni, na wale wa ng'ambo upande wa Zambia, wakakaa msibani siku zao, kisha wakataka kuanua tanga, msiba uishe, watu warudi mashambani. Bibi akakataa. Aliwauliza, "Mnaanua tanga la nani? Mmemzika wapi?" Wakaondoka mmoja mmoja. Bibi akabaki na msiba wake na kaniki yake nyeusi, mwaka baada ya mwaka. Nilizaliwa nikamkuta hivyo, nikadhani mabibi wote huvaa kaniki.

Kilichonitesa mimi ni mlango. Giza likiingia baba alitia komeo, bibi akaenda kulitoa. Alisema Yohana asije akakuta pamefungwa. Kabla ya ile sinema niliona ni ubishi tu wa watu wazima. Baada ya sinema nikaelewa, yaani nilidhani nimeelewa: baba mkubwa anatembea, hana pa kukaa, na bibi yangu mzazi anamwachia mlango. Nikawa nalala nimejizungushia kanga ya mama shingoni hadi masikioni. Mama akadhani nina mafua, akawa ananichemshia malimao. Nikayanywa yote, maana nilisikia watu wa namna ile hawapendi vitu vikali.

Baba ndiye ninayemfikiria sasa nikiwa mtu mzima. Jina lake Amosi, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyebaki. Ndiye aliyemlimia bibi, aliyempeleka hospitali, aliyempasulia kuni kwa mikono yake ingawa mikono ya fundi cherehani haipendi shoka. Akimletea chai, bibi aliipokea huku anatazama barabarani. Alimshukuru, hakuwa mkatili. Alimshukuru kama unavyomshukuru jirani mwema. Kuna siku nilimsikia baba akimwambia mama kwamba heri angekwenda yeye, Yohana akabaki, pengine naye angengojwa hivyo. Mama akamkemea, akamwambia asiseme maneno hayo mtoto akisikia. Na mara chache alizothubutu kumwambia bibi waite ndugu, waanue tanga, bibi alimjibu neno moja tu kila mara: "Una haraka ya kumzika kaka yako." Baba alirudi kwenye cherehani akashona suruali ya watu, na siku hiyo cherehani ilikwenda kwa kishindo.

Mwishowe hofu ikanishinda. Alasiri moja tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi na bibi. Ananitania kama kawaida yake, ananiita mke mwenzangu, ananiambia marehemu babu alinipenda mimi zaidi ingawa meno yangu ya mbele yameng'oka. Mimi badala ya kucheka nikaangua kilio. Nikamwambia yote: jeneza, meno, mtu asiyezikwa na watu wake, na kwamba nakuomba bibi, usimwachie mlango baba mkubwa. Nilitegemea kofi. Gunzi likamponyoka bibi mkononi. Akaniuliza nani kasema maneno hayo. Nikamwambia Mkalimani. Akajikung'uta mapumba, akajifunga kaniki vizuri.

"Nipeleke kwa huyo mtu," akasema.

Nikampeleka, nikijua leo Mkalimani atakiona cha mtema kuni. Bibi alikuwa hajawahi kukanyaga banda la video, alisema ni mahali pa wahuni na madereva. Nje pale kwenye ubao ilikuwa imeandikwa kwa chaki: LEO VITA YA KWELI. Mkanda ulikuwa umefika asubuhi ile ile na dereva mmoja kutoka Zambia, hata Mkalimani mwenyewe alikuwa hajautazama. Ndani watu wamejaa, jenereta linanguruma, na ile harufu ya vumbi la moto imeshaanza.

Mkalimani alipomwona mwanamke mzee ameingia, akashuka kutoka kwenye kiti chake, akamwamkia kwa heshima zote. Akadhani amekuja kutazama. Akawainua vijana wawili kwenye benchi la mbele, akalipangusa kwa mkono wa koti lake, akamkalisha. Bibi akamtazama usoni.

"Nimekuja kwa ajili ya Yohana," akamwambia.

Mahali pengine popote mtu angeuliza Yohana gani, kafanya nini. Mle bandani maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Mkalimani alikuwa Zambia wakati wa msiba wetu, habari zetu hakuzijua. Akatabasamu, akainamisha kichwa. "Mama, kwa heshima yako, Yohana leo ni steringi." Na kabla bibi hajafungua mdomo, deki ikawa imeshameza mkanda, taa imezimwa, watu wanapiga miluzi. Bibi akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

Picha ikaja nyeusi na nyeupe. Hapo hofu yangu yote iliisha, kwa sababu nilijua kabisa kwamba kitu kisicho na rangi ni cha uongo. Nilikuwa nimejitengenezea elimu yangu kwamba hao ni waigizaji maskini, wamekosa hata rangi, wamekopa nguo zinazofanana, wanakimbia kwenye matope kwa njaa zao. Hata kuigiza hawajui. Hakuna anayesema, hakuna anayembusu mtu, na Mzungu amejificha mahali anaongea peke yake bila kupumua.

Mkalimani mwenyewe alipata tabu. Nilimwona jasho linamtoka. Mizinga inalia, meli zinakwenda, watu ni wengi kama siafu na hakuna hata mmoja anayerudi mara ya pili ili tumzoee. Alikuwa anamtafuta steringi kwa macho. Watu wakaanza kuguna. Ndipo wakatokea askari weusi, kikosi kizima, wanapanda kilima chenye nyasi ndefu, na yule wa mbele akageuka akaitazama kamera, akacheka. Kofia imekaa upande, meno meupe. Mkalimani akamdaka hapo hapo. Akasema huyu sasa ndiye Yohana wa Tunduma, ameacha foleni ya malori nyuma yake, amemwambia mama yake afunike ugali usipoe, anapanda kumfundisha adui adabu kisha anarudi. Watu wakashangilia. Wakapiga mabenchi wakiita Yohana, Yohana. Bibi alinishika goti, akalibana hadi nikataka kupiga kelele. Jina hilo kwetu lilisemwa chini chini, na bibi peke yake, mlangoni.

Yohana akapanda. Mkalimani akapanda naye, anahema kwenye maiki, anamtania, anamwambia ainamishe kichwa mwanangu, huko kuna watu wabaya. Alikuwa ameshika kasi yake sasa, sauti inatoka yote. Na hapo yule askari akaanguka.

Hakuanguka kisinema. Hakurusha mikono wala hakupiga yowe. Alikaa chini tu kama mtu aliyechoka, halafu akalala ubavu. Picha ikacheza. Wenzake wakampita, nyasi zikalala na kuinuka. Kijana mmoja akasema mtulie, ataamka, si steringi huyo. Mkalimani naye akasema hivyo hivyo, kwamba anamzuga adui, subirini muone. Tukasubiri. Picha ikabaki pale pale juu yake. Mkalimani akasema tena ataamka, sasa hivi ataamka, lakini sauti ilikuwa imempungua. Banda zima lilikuwa linamngoja asimame, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa naomba asiamke, maana nilishaona mfu akiamka anafanya nini.

Bibi akasimama. Alikuwa mfupi, lakini pale mbele ya runinga kivuli chake kilifunika nusu ya picha.

"Usimwamshe, baba," akamwambia Mkalimani.

Likasikika jenereta tu, na Mzungu wa kwenye mkanda anayesema peke yake. Mkalimani akaitazama ile kaniki, nadhani ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza, na akili zake zikafanya kazi haraka kama kawaida yake. Akaishusha maiki kifuani. Akamwomba radhi. Akamwambia yeye hutunga tu, mama, huyo si mwanao, hata vita hivyo ni vya zamani, vya Wazungu wenyewe.

"Najua si yeye," bibi akasema. "Mwanangu alikuwa na masikio madogo. Lakini umemtaja, na watu wote hawa wamemwona akianguka. Mimi niliambiwa tu." Akavuta pumzi. "Sasa mzike."

Wakati huo nikageuka nikamwona baba mlangoni. Kumbe mtu alikwishamkimbilia kumwambia mama yako mzee ameonekana anaingia banda la wahuni. Alikuwa ametoka mbio na futi yake ya kupimia shingoni, amelishika gunia la mlango kwa mkono mmoja, amekuja kumtoa. Alilisikia lile neno la mwisho, akabaki pale pale nusu ndani nusu nje.

Mkalimani angeweza kuzima mashine. Mtu mwingine angezima, angerudisha watu pesa zao, na angekuwa na haki. Yeye aliitazama picha. Kwenye picha walikuwa wameshachimba, wamemfunga yule askari kwenye blanketi, na wenzake wamevua kofia. Akainua maiki. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia mdomoni mwake, haikuwa ya mzee wala ya mlango wala ya farasi.

"Waombolezaji, tusimame."

Tukasimama. Madereva wakavua kofia. Hata wale wa Zambia ambao Kiswahili kiliwapita waliinuka. Ninyi mnajua, kwetu hakuna mtu anayeingia kaburini kabla watu hawajasomewa historia yake, kazaliwa wapi, kasoma wapi, kaacha nani. Mkalimani hakuwa na kitu cha kusoma. Akamsogezea bibi maiki mdomoni, akamwuliza kwa upole, marehemu alizaliwa wapi.

Bibi akasema. Alizaliwa Momba, wakati wa kuvuna ulezi, uchungu ulimkuta shambani. Alikuwa akipiga mluzi ng'ombe wanamfuata yeye wanamwacha baba yake. Maboga hakuyapenda, alikuwa anayatupia mbwa akidhani haonekani. Alikuwa na hasira za karibu, na baiskeli yake hakumwazima mtu. Hapo watu wakacheka kidogo, na bibi naye akatikisa kichwa kama anayemwona. Siku ya kuondoka alitoka asubuhi akiwa hajanywa uji, alisema atakunywa njiani. Na kila sentensi ya bibi, Mkalimani aliirudia kwa sauti kubwa ili wa nyuma na wa nje wasikie. Hakuongeza neno. Mtu ambaye Mzungu akisema moja yeye husema kumi, siku hiyo alisema kile kile alichoambiwa, herufi kwa herufi. Nimempenda yule mtu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo nitamheshimu hadi naingia kaburini.

Kwenye picha wakatupa udongo. Haukutoa sauti. Bibi akalia. Alilia kilio alichokizuia tangu kabla sijazaliwa, kile cha kwetu cha kuita mtu kwa jina lake, na kina mama wauza ndizi wakapenya katikati ya madereva wakaja kumshika, wakalia naye. Mimi nilikuwa nimeshikilia upindo wa kaniki yake. Ndipo nilipojua kwamba yale ya kwenye picha yalitokea, kwamba yule aliyecheka na kofia upande alikuwa mtu kweli, na huko kwao kuna bibi wa mtu aliyeacha mlango wazi. Na baba mkubwa wangu sikumwogopa tena. Nilimhurumia kwa sababu hakunywa uji.

Tanga letu lilianuliwa baadaye, ndugu wakaja wote, wa huku na wa ng'ambo, pombe ikapikwa. Hayo yalikuwa ya kukamilisha tu. Msiba wenyewe uliisha mle bandani, kwenye swali la mwisho la historia, ambalo Mkalimani aliliuliza kilio kilipotulia, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo na lisingeweza kurukwa.

"Marehemu ameacha nani?"

Bibi akajifuta uso kwa kaniki. "Ameacha mama," akasema. Mkalimani akamngoja. Bibi akazungusha macho kwenye zile nyuso, madereva, kina mama, vijana, hadi akafika mlangoni. Baba alikuwa bado amelishika gunia.

"Ameacha mdogo wake, Amosi," akasema. "Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, namngoja mwingine."

Hilo Mkalimani hakulirudia. Aliiweka maiki juu ya deki.

Baba akaja katikati ya mabenchi, watu wakimpisha. Akasimama mbele ya mama yake, mikono hajui aiweke wapi.

"Nipo, mama."

"Nakuona," bibi akamwambia. Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa.